Picha ya Mukwe Katika Makumbusho

Hapa mjini Baraka, ukiona mtumbwi wenye jina zuri ubavuni, ujue ni Isidore amelipaka. Kazi hiyo imemlisha miaka thelathini. Lakini iliyompa sifa ni karikatire, zile picha za kuchekesha wakubwa, anazochora juu ya makartoni na kuzitundika mlangoni pake siku za soko.

Iliyozipita zote ni ya Casimir, chefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu: bamama wanachimba mtaro wa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa mzima, yeye amekaa kitini, wanaume wanne wamemshikia mwavuli mmoja, na tumbo limetokeza nje, bado linachomwa na jua. Mji mzima ulicheka. Casimir mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwaka huu kikafunguliwa chumba cha makumbusho, wakamwomba Isidore karikatire kumi na mbili. Furaha gani hiyo! Ila katikati hapo Vainqueur, mtoto wa Casimir, alikuwa amemposa Vanessa, binti wa Isidore. Chefu amekuwa mukwe. Na kwetu Wabembe, mtu mwenye adabu hamcheki mukwe mbele ya macho yake. Akithubutu, ndoa ya mtoto inaharibika.

Asubuhi ya ufunguzi wa maonyesho, Isidore akaingia, akaitoa ile picha kwenye msumari, akaibana kwapani.

— Papa Isidore! akalia Tania, msichana anayechunga chumba. Ile ndiyo bantu banakuya kuona!

— Mwanangu, mi niko na binti wa kuoza.

Hajafika mlangoni, Casimir huyo, ndani ya suti ya kijivu, na wageni wake kutoka Lweba nyuma.

— Mukwe, mi niko wapi humu?

Isidore akainamisha macho.

— Nimekutoa, mukwe. Juu ya heshima.

— Heshima gani? Ulionyesha tumbo yangu kwa soko nzima, leo bageni bamekuya unanifunika kama samaki ya kuoza? Rudisha!

— Sasa nitasimama aje pembeni yako, banacheka, na mi nacheka?

Casimir akafikiri.

— We usisimame. Toka inje.

Ikawa hivyo. Picha ikarudi ukutani, na fundi akakaa barabarani siku ya maonyesho yake mwenyewe, mgongo ameupa dirisha, uso mkavu kama yuko kwenye maziko. Ndani watu walipasuka, kicheko cha Casimir juu ya vyote. Isidore akauma midomo, lakini mabega yalikuwa yanarukaruka.