Sidiria ya Unaisi

Kila jioni akitoka sokoni, kabla hajagusa sufuria, Unaisi aliketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, akaingiza vidole gumba chini ya mikanda ya sidiria yake na kuiinua kidogo itoke mabegani. Alikaa hivyo amefumba macho, kama mtu aliyetua gunia. Mumewe Apisai, dereva wa treni ya miwa, alishazoea kumkuta pale. Alinawa grisi mikononi, akachota mafuta ya nazi koponi, akakaa ngazi ya juu yake na kumkanda.

"Leo imezama kweli," alisema, akipitisha kidole kwenye mifereji miwili ambayo mikanda ilikuwa imechimba mabegani mwa mkewe.

"Wewe kanda tu. Maneno baadaye."

Unaisi alikuwa amejaliwa kifua ambacho kingewatosha wanawake wawili na kubaki. Kilimjia mapema, angali mtoto wa kuruka kamba, na kikaja chote kwa mpigo. Mama yake hakumweleza neno. Alimpa sidiria kuukuu ya shangazi, imelegea kama wavu, akamwambia ajifunike. Tangu hapo Unaisi akawa msichana wa kutembea amekunja mikono kifuani, na alipokuwa mwanamke mzima, mama wa Alumita, muuza magimbi anayejulikana soko zima la mji wa Lautoka, Fiji, bado mikono ilijikunja yenyewe akiona watu wanamtazama.

Sidiria alizinunua kwenye marobota ya mitumba yanayoletwa kutoka Australia. Alichambua mpaka akapata zile ndefu kuliko zote kwa mzunguko, maana ndizo pekee ambazo mbele zilikaribia kumwenea. Mgongoni zilipanda hadi kwenye mabega kama pazia lililokunjwa vibaya. Moja ilikuwa na waya uliomchoma ubavuni mpaka akauchomoa kwa meno. Siku za kwaya alivaa mbili, moja juu ya nyingine, na pini. Madukani alikwisha kata tamaa, kwa sababu wale wasichana wa kuuza walimtazama akiwa bado mlangoni na kumwambia, "Saizi yako hatuna, mama," hata kama alikuwa ameingia kununua taulo.

Mwaka huo maumivu yalipanda kutoka mabegani yakaingia kichwani. Alikwenda zahanati, akaambiwa apunguze mwili. Akapunguza chakula. Mashavu yakapungua, mikono ikapungua, kifua kikabaki palepale.

Ndipo asubuhi moja, akiwa nyuma ya mafungu yake ya magimbi, akamwona Titilia anakuja mbio katikati ya wauza mboga, huku akicheka mpaka anashindwa kupumua. Titilia alikuwa binamu yake, tena binamu wa utani. Kati ya hao wawili hakuna neno lililokatazwa, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa.

"Unaisi! We Unaisi! Mumeo yuko kwa fundi Dhanmati. Na bakuli!"

"Bakuli gani?"

"Lako la bluu. La kukandia unga." Titilia akanyakua magimbi mawili makubwa na kujibandika kifuani. "Kaliweka hivi!"

Wauza ndizi wa meza ya jirani wakanyamaza ili wasikie vizuri.

Titilia alikuwa amepita kwa fundi kuchukua gauni la kanisani, kwa hiyo aliona yote. Kibanda cha Dhanmati, nyuma ya stendi, kilikuwa kimejaa mama na mashangazi wa Kihindi wanaochagua vitambaa vya blauzi za harusi. Apisai akaingia na sare ya kiwanda cha sukari, kofia mkononi, akasimama kwenye foleni. Ilipofika zamu yake fundi akamwuliza, shati au suruali?

"Sidiria," akasema Apisai.

Cherehani zikasimama. Apisai akafungua gazeti, akatoa bakuli. "Ya mke wangu. Kama hivi. Kila moja."

"Wale mama waliangukia vitambaa kwa kucheka," Titilia alisema. "Mmoja alitoka nje kabisa. Lakini yule fundi hakucheka. Alilishika bakuli, akaligeuza, akamwuliza, 'Na mgongo wake umeuleta ndani ya nini?' Unajua mumeo alifanyaje? Aliweka kofia chini, akanyoosha mikono, akaikunja hivi, kama anamkumbatia mtu. Akasimama anakumbatia hewa. Akamwambia fundi, 'Mgongo upo hapa, pima.' Na mwanamke wa watu akapitisha futi yake humo ndani ya mikono, akapima!"

Unaisi alitamani ardhi ya soko impasukie. Alikaa amejiinamia mpaka magimbi yakaisha.

Nyumbani hakumsemesha mumewe mpaka walipomaliza kula.

"Baba Alumita, umenianika mbele ya mji mzima."

"Sikutaja jina."

"Apisai! Mji huu una wake wangapi wenye bakuli hilo?"

Apisai alitazama sahani yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo aliyatoa taratibu. "Mimi behewa moja likilemewa nasimamisha treni, nashuka, naangalia. Wewe umelemewa tangu nikuoe. Kila siku nakukanda, kesho yake unarudi vilevile. Nimeona aibu ya kukukanda tu. Fundi anasema uende mwenyewe. Anasema bakuli haliongei."

Unaisi aliondoa vyombo. Lakini wiki hiyo hiyo, siku ya mvua ambayo soko lilidorora, akamwachia Titilia meza na kwenda.

Dhanmati alikuwa mwanamke mwembamba, mjane, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Kifiji alikizungumza cha dukani, kifupi na chenye haraka. Alifunga mlango, akavuta pazia.

"Vua, binti."

Unaisi alibaki amekunja mikono. "Naona haya, mama."

"Mimi nimewashonea maharusi wa wilaya nzima hii. Nimeona kubwa, nimeona ndogo, nimeona wenye moja huku na nyingine kule. Nimeona waliojaza pamba. Wote walisimama hapo uliposimama, wote wakaona haya, na wote waliolewa. Vua."

Akavua. Dhanmati alizitazama sidiria mbili na pini, alizovaa siku hiyo kama za kwaya, akatikisa kichwa. Kisha akaona mabega. Aliweka vidole viwili ndani ya mfereji mmoja, akaufuata mpaka mwisho wake. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Akapima chini ya kifua, mbavuni, akapima juu yake, akarudia tena chini. "Nani alikwambia una mgongo mkubwa?"

"Hakuna. Nanunua kubwa ili mbele paenee."

"Mgongo wako mdogo! Mumeo alipatia, alikosea upana wa kidole tu." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Wewe umejenga nyumba kubwa kwa ajili ya kabati. Sasa huku nyuma kumelegea, kunapanda juu, na mzigo wote unaning'inia begani. Si kazi ya bega hiyo. Mzigo ukae hapa." Akampiga mbavuni kwa kiganja. "Ukanda wa chini ndio ubebe. Mabega yashikilie tu."

Unaisi hakuwahi kuambiwa kuwa ana kitu chochote kidogo mwilini mwake. Alirudia neno hilo kimoyomoyo njia nzima ya kurudi sokoni.

"Lakini sikudanganyi," fundi alikuwa amemwambia mlangoni. "Blauzi naijua. Blauzi haibebi kitu. Hii nitajaribu."

Jaribio la kwanza lilikuwa zuri kwa macho, pamba nyeupe na mshono mdogo mdogo. Unaisi aliivaa Jumapili, hiyo moja tu, bila pini. Alisimama kwenye kwaya mabega yamenyooka, na katikati ya ubeti wa tatu, kanisa zima limetulia, ikasikika *ta!* Kisha *ta! ta!* Kulabu za nyuma zilikuwa zimeachia zote. Unaisi akabana kitabu cha nyimbo kifuani kwa mkono mmoja, akaendelea na sauti yake bila kuruka neno.

Titilia, kando yake, aliinama kidogo. "Treni imetoka relini," akanong'ona, kisha yeye mwenyewe akashindwa kuimba mpaka mwisho wa ibada.

Unaisi aliapa hakanyagi tena kwa fundi. Kilichomuuma si kulabu. Kwa nusu saa nzima alisimama wima, akaipenda ile hali, halafu akanyang'anywa.

Kesho yake fundi akaja mwenyewe. Alifunga kibanda, akatembea kwa viatu vyake vya dukani juu ya matope na maganda ya sokoni mpaka kwenye meza ya magimbi.

"Nimesikia," alisema. "Niliweka kulabu za blauzi. Kosa langu. Umeileta?"

"Nimeitupa kapuni."

"Itoe kapuni. Na nyingine zako zote kuukuu, niletee. Hata zile za aibu. Hasa za aibu."

Mchana huo walikaa sakafuni mle kibandani, mfuko wa sidiria mbovu umemwagwa katikati yao, wakawa wanazifumua kwa wembe moja baada ya nyingine, wapate kuona waliozitengeneza walifanyaje. Unaisi alishika, Dhanmati alikata. Kila kipande walikinyoosha, wakakivuta huku na huku waone kinakotanuka na kinakogoma.

"Kwa nini unajisumbua hivi?" Unaisi aliuliza. "Una blauzi za watu zinakusubiri."

Dhanmati alifumua mshono mzima kabla ya kujibu. "Dada yangu mkubwa alikuwa kama wewe. Alitembea ameinama, watu wakasema ana kibyongo. Mpaka anakufa waliamini hivyo. Hakuwa na kibyongo. Alikuwa anajificha." Akapuliza nyuzi kwenye wembe. "Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, najua mgongo wake ulivyokuwa. Sikuwa najua kushona bado."

Unaisi akamshika goti. Wakaendelea kufumua.

Shida ikabaki moja. Vikombe vya mbele Dhanmati alivikata vikakaa vizuri, lakini kila alipoviunganisha na ukanda, uzito ulivuta mshono. Unaisi aliutazama ule mshono kwa muda.

"Fungu zito la magimbi," alisema, "ukilifunga shingoni tu linakatika njiani. Sisi tunaanza chini. Kamba inapita chini ya yote, inapanda pembeni, ndipo inakuja juu."

"Nionyeshe."

Akachukua utepe na bakuli la chai, akafunga. Dhanmati alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akavuta kitambaa kizito cha pamba, kile wanachoshonea sketi za ndani za sari, akakata kipande cha kupita chini ya vikombe vyote viwili na kupanda ubavuni. Mikanda ya juu aliifanya mipana kama vidole vitatu. Kulabu safari hii zilikuwa za chuma, safu mbili.

Siku ya kujaribu, alimwambia Unaisi ainame kwanza, kila kitu kikae mahali pake, ndipo akafunga nyuma. "Haya, simama."

Unaisi akasimama. Alisubiri mabega yaume kama kawaida, hayakuuma. Akavuta pumzi, ikaingia mpaka chini. Akanyanyua mikono juu kabisa, akaishusha, akainyanyua tena. Hakuna kilichopanda wala kuchomoka. Akageuka kwenye kioo na kuweka kiganja chini ya mbavu, mahali ambapo siku zote palikuwa pamefunikwa.

"Hiki nini?"

"Kiuno chako, binti. Kilikuwepo humo siku zote."

Unaisi alianza kucheka, na kicheko hicho kikageuka kilio bila yeye kujua kimegeukia wapi. Dhanmati alimwacha alie. Alikusanya nyuzi sakafuni, akaweka maji ya chai, akamlalamikia kwa sauti ya kawaida kwamba machozi yataloanisha pamba mpya.

Titilia alipomwona sokoni alimzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe. "Umekonda? Umerefuka? Mbona nakuona mpaka chini? Geuka."

"Nimeshonewa."

"Geuka tena." Kisha Titilia akasema polepole, akiwa anapanga upya magimbi ambayo hayakuhitaji kupangwa, "Mimi nacheka-cheka tu, lakini na mimi yangu inanikata hapa. Utanipeleka?"

Akampeleka. Baada ya Titilia akaja muuza samaki, baada yake mama wa mikeka na binti zake. Wengi hawakuweza kuongea na Dhanmati kwa Kifiji chake kifupi, na walioweza waliona haya, kwa hiyo Unaisi aliingia nao nyuma ya pazia, akashika ncha ya futi, akawasemesha mambo mengine huku fundi akipima. Baadaye akajifunza kukata ukanda. Siku za soko dogo alishinda pale, wakila pamoja, Unaisi na samaki wake wa nazi, Dhanmati na chapati zake, wakigombana kuhusu kitambaa. Dhanmati alisema Unaisi anakata kwa pupa. Unaisi alisema Dhanmati angekata taratibu zaidi wateja wangezeeka.

Apisai akipita na treni kwenye reli ya kando ya barabara alipiga honi. Mama wa Kihindi waliokuwa kibandani walitoka kumpungia, na wote walimwita Bwana Bakuli.

Siku moja aliingia mke wa mchungaji, mwanamke mkubwa mwenye haiba, akatazama nyuma kama amefuatwa, akafunga mlango mwenyewe.

"Unaisi, mwanangu, nimekuja kuangalia vitambaa tu."

"Karibu, mama. Vitambaa viko huku, nyuma ya pazia."

Akaingia. Ukapita muda wa kuhangaika na vifungo, na pumzi kubwa. "Lakini mchungaji asijue," sauti yake ikasema.

"Akijua," alisema Dhanmati, akiwa na pini mdomoni, "mwambie aje. Tutampima na yeye."

Mke wa mchungaji alicheka mpaka futi ikamponyoka Unaisi mkononi, ikabidi waanze kupima upya.