Nati ya Fundi Chaki

Mume wangu si mtu wa kusema bega linamuuma. Husema linazungumza. Anarudi jioni, anakaa kwenye kigoda pale mlangoni, ananyoosha miguu, na nikimuuliza habari za bega ananijibu, "Linazungumza tu." Nami namwambia bega hilo lina mdomo kuliko wifi zangu wote, kwa hiyo lazima lina jambo, alisikilize. Anacheka bila sauti, maana siku hizi hata kucheka kwa nguvu kunamtonesha.

Ni fundi wa magari. Nyumbani ni Baba Pacha, kwa ajili ya wasichana wetu wawili ambao wote wameshaolewa, lakini mtaani wanamwita Fundi Chaki. Gari likitengenezwa kwake, kila nati ya gurudumu anaifunga mwenyewe kwa spana ya mkono, halafu anatoa chaki mfukoni na kuchora mstari mmoja, unaanzia juu ya nati unaishia kwenye rimu. Nati ikilegea njiani hata kidogo, mstari unaachana, dereva anaona mapema. Na sheria yake ni moja: aliyefunga ndiye anayechora. Jirani yake anayenyoosha bodi aliwahi kumchorea gurudumu kwa mzaha, akafukuzwa gereji nzima kama mwizi wa kuku. Ile chaki yenyewe naijua vizuri, ndiyo inayoyeyuka kwenye beseni langu la kufulia.

Daktari wa mifupa alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kuvuta spana namna ile, mkono wa kulia utabaki wa kushikia kikombe. Aache kazi, basi? Aende wapi? Mtu aliyelala chini ya magari tangu hajaota ndevu humwambii leo akauze vitunguu. Kilichobaki ni mashine ya betri ya kufungulia nati, ile yenye umbo la bunduki, unabonyeza tu, inagongagonga na nati inatoka yenyewe. Akipata inayomfaa, ataendelea. Asipopata, gereji ndiyo imefungwa.

Akasuasua. Kila wiki alikuwa na sababu. Mimi ni fundi cherehani, na nilipoacha cherehani ya kukanyaga nikachukua ya umeme sikulia wala sikuomba ushauri, magoti yangu yananishukuru mpaka leo. Nikamwambia hivyo.

"Nguo ikifumuka, mtu anaona aibu," akanijibu. "Gurudumu likichomoka, mtu anakufa, Mama Pacha."

Hapo aliniweza. Lakini Jumamosi ile nilifunga kibanda changu mapema, nikamfuata gereji, nikasimama juu ya ile sakafu nyeusi ya mafuta mpaka akachoka kuniona. "Leo tunaenda dukani," nikasema. Nilikuwa nimechoka kumkanda usiku na kumvalisha shati asubuhi. Nasema kweli, nilikuwa nimechoka hata kumwonea huruma.

Akakubali shingo upande, ila akasema hawezi kujaribu mashine kwa nati ya dukani. "Nati ya dukani imefungwa na mwenye duka. Unategemea itakataa kufunguka?" Akatafuta kwenye vyuma chakavu kipande cha gurudumu la lori, chenye bolti zake, akakibana mezani na kufunga nati mbili kwa mkono wake, anavuta huku amefumba macho, jasho linamtoka puani. Akachora chaki. "Itakayofungua hizi ndiyo mashine," akasema. Tukakitia kile chuma kwenye gunia pamoja na spana yake, tukalibeba mimi upande huu yeye upande ule. Watu njiani walidhani tumechinja.

Mwenye duka la zana ni mtu wa tumbo na maneno. Alitupangia mashine tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa kubwa, shingo ndefu, ya kufungulia magurudumu ya malori. Baba Pacha aliinyanyua, nikaona mdomo wake umepinda, akairudisha taratibu. Mtu mwenye bega bovu atanunuaje mzigo mwingine? Ya pili ilikuwa ya wastani, fupi, nene kiunoni. Ya tatu ilikuwa ndogo na nyepesi, naweza kuishika huku nimebeba mtoto.

Nikauliza maswali yangu. Betri inakuja nayo au inauzwa peke yake? Chaja je? Betri ikifa, zinapatikana nyingine, au ndiyo tunabaki na pambo la kabati? Mwenye duka akajibu yote, akaanza kuisifu ile ndogo bila kuulizwa. Kizuri chajiuza, nikajisemea, kibaya chajitembeza. Lakini ndiyo niliyoitaka. Ilikuwa nyepesi.

"Hiyo ndogo ni ya kazi gani?" Baba Pacha akauliza.

"Ukweli, mzee, watu wananunua kwa pikipiki na vitanda vya chuma. Kwa gurudumu la gari sikuahidi. Lakini jaribu."

Tukakitoa kile chuma, kikabanwa kwenye jiliwa iliyokuwa mwisho wa kaunta. Baba Pacha akaivisha nati yake ya kwanza ile mashine ndogo, akabonyeza. Nati ikatoka kama kifuniko cha chupa. Hata haikuguna.

Nilipiga makofi. Nawaambia nilipiga makofi dukani mle mbele ya watu! Mwenye duka naye akapaza sauti, "Mzee umeona mwenyewe? Hii ndogo hii! Sasa ile kubwa utaibebea nini?" Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua pochi.

Baba Pacha hakucheka. Aliitazama ile nati kiganjani, kisha akamwambia mwenye duka, "Funga wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa spana hii hii. Funga kama gari ni lako na wanao wamo ndani."

Mwenye duka akacheka, akapandisha suruali, akavuta spana. Hakuvuta kwa ufundi wowote, alivuta tu kama mtu mzima mwenye afya na chakula tumboni. Baba Pacha akairudisha ile mashine ndogo juu ya nati, akabonyeza. Ikagonga, ikagonga, ikapiga kelele mpaka kijana wa kaunta ya rangi akageuka. Nati haikusogea. Akaachia, akabonyeza tena. Wapi.

Kisha akaihamishia kwenye nati yake ya pili, ile ambayo ilikuwa bado na chaki yake. Ikatoka mara moja.

Mwenye duka alikuwa wa kwanza kuelewa, na kwa heshima yake aliacha kucheka. Mimi nilichelewa. Nilidhani mashine imepata moto.

"Mama Pacha," mume wangu akasema, bila kunitazama. "Zamani nilikuwa navuta mpaka nati iseme basi. Siku hizi navuta mpaka bega liseme basi. Nimekuwa nadhani ni kitu kimoja."

Haikuwa habari ya mashine tena.

"Gari la mikate," akasema.

Lile gari lilitoka gerejini siku iliyotangulia. Alilibadilishia breki, magurudumu yote manne yalishuka, na yote manne aliyafunga yeye. Magari mengine ya karibuni alikuwa amegusa injini tu, lakini lile linazunguka mji mzima tangu alfajiri, linapita kwenye milango ya shule. Akampigia simu dereva wa lile gari, haikupokelewa. Akapiga tena. Nilitaka kusema pengine dereva anaendesha, nikameza maneno, kwa sababu kuendesha ndiko tulikokuwa tunakuogopa.

Tuliacha chuma, spana, gunia na mashine tatu juu ya kaunta, tukaenda kwenye kiwanda cha mikate kwa miguu, kwa vile ni barabara ya pili tu. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akikimbia. Alikimbia huku ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mimi nyuma yake nilikuwa naomba kwa sauti, sijali nani ananisikia.

Gari lilikuwepo uani, linapakiwa mzigo wa jioni, injini inanguruma. Dereva aliposikia tunamwita akashuka anatabasamu. "Fundi! Shemeji! Mmekuja kuonja mikate?"

Baba Pacha alishapiga magoti kwenye gurudumu la mbele. Mistari ilikuwa mizima. Akahamia la pili, la tatu. Kwenye la nne, nyuma upande wa kushoto, akakaa chini kabisa. Nikainama. Mstari uliokuwa mmoja ulikuwa umekuwa miwili, nusu moja kwenye nati, nusu nyingine kwenye rimu, na hazitazamani. Ilikuwa hivyo kwenye nati tatu.

"Zima gari," akamwambia dereva. "Nilikufungia vibaya."

Dereva akacheka, akidhani ni utani wao wa kawaida. Kisha akaona uso wake, akaenda kuzima gari.

Akaleta spana kutoka nyuma ya kiti. Baba Pacha akaipokea, akaipanga kwenye nati, akaishika kwa mikono miwili, akabaki hivyo. Nilimwona akipima nguvu zake. Halafu akaichomoa, akamkabidhi dereva. "Funga wewe. Gurudumu moja baada ya jingine. Nitakuambia nati ipi ifuate."

Dereva alifunga zote, yeye anamwelekeza, ya juu, sasa ya chini kinyume chake, sasa ya pembeni. Walipomaliza, Baba Pacha akafuta mistari ya zamani kwa kitambaa chake, akatoa chaki mfukoni, akamnyooshea.

"Aa, fundi, chora wewe," dereva akasema. "Hiyo ni alama yako, bwana, mji mzima unaijua."

"Aliyefunga ndiye anayechora."

Dereva akaipokea, akachora mistari minene iliyopinda. Mimi niligeuka nikajifanya natazama mikate. Alipomaliza, kwa nia njema tu, akamwambia, "Usijali, fundi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nilitaka kumrukia. Koleo letu lilikuwa zima. Kilichovunjika ni mhunzi. Lakini Baba Pacha akaitikia kwa kichwa, akamwomba chaki yake, akairudisha mfukoni.

Tulirudi dukani kabla hawajafunga. Akaonyesha ile ya wastani. "Hii, ya kufungulia tu. Na ile spana ndefu ya kipimo, inayolia nati ikikaza inavyotakiwa. Kufunga atafunga jirani yangu wa bodi."

"Hutaki kuijaribu kwanza, mzee?"

"Nimeshajaribu," akasema.

Nyumbani nilichomeka chaja ukutani, taa yake nyekundu ikawaka. Yeye alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, na nikaja na mafuta ya kumkanda. Kwa mazoea nikamuuliza bega linasemaje.

Akavua shati mwenyewe, upande mmoja, ukakwama, akaniachia nimalizie.

"Linauma, Mama Pacha," akasema. "Linauma sana."