Vigamba vya Shangazi

Ka! Mlio ule ninao masikioni mpaka leo: mfupi, mkavu, kama kikombe kilichogonga ukingo wa karai.

Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa dada yangu, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwakaribisha. Kumbe shangazi atashuka kutoka Nairobi na meno mapya! Vinia, alisema; vigamba vyembamba vya kauri vilivyogandishwa juu ya meno yake ya mbele, vyeupe kuliko sahani za wageni. Hatabasamu huyo, anaanika. Hata kuku wa uani aliwaanikia.

Akanitazama. Jino langu moja la mbele ni la kahawia tangu nilipoanguka uwanjani, shule ya msingi.

"Wewe kaa jikoni na hilo jino. Wageni nitawapokea mimi."

"Shangazi, lakini mimi nataka kusoma habari redioni siku moja. Huko hawaonangi meno."

"Basi ngojea redio."

Nikaenda zangu kusonga obusuma, ugali wetu, moshi na machozi vikinigombania macho.

Tukiwa tunangoja, babu akaleta miwa. Kwetu muwa humenywa kwa meno. Ukiomba kisu utachekwa mpaka uzikwe. Shangazi aliushika wake kama ameshika nyoka. Daktari alimkataza vitu vigumu, sote tulijua, maana alijigamba hata kwa masharti yake.

"Mleteeni mgeni kisu," babu akasema. "Huyu ni mtu wa Nairobi."

"Mgeni nani? Mimi si nilizaliwa hapa?"

Akauma. Ka!

Maringo yote yale, yameshindwa na ganda la muwa! Akajifunika mdomo kwa leso, na wageni ndio hao wanaingia. Mama akanisukuma mgongoni. "Nenda wewe."

Nikaenda na jino langu. Nikawakaribisha, nikacheka kwa kinywa kizima, na hakuna aliyekimbia. Mama mkwe alinikumbatia mara mbili. Shangazi alishinda pembeni akijibu watu kwa kichwa, hata ingokho, nyama ya kuku ya wageni, hakuigusa. Malkia wa kauri!

Jioni, wote walipotoka kuwasindikiza wageni, nilichutama penye makapi ya miwa nikayapekua kwa vidole. Kigamba kilikuwepo, chembamba kama ukucha. Nikakiosha, nikakifunga kwenye kitambaa safi, nikakitia katika mkoba wake, mfuko wa ndani, nikafunga zipu.