Orodha ya Wapagazi

Yuditha aliandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya kupandisha watalii mlimani, pale Moshi mjini. Siku moja bosi alimwambia, "Nitolee majina na simu za wapagazi waliozidi miaka hamsini. Maelezo mengine yaache."

Kumbukumbu ya kila mpagazi ilikuwa na mengi: safari, majeraha, wagonjwa aliowabeba mgongoni kuwashusha mlimani. Programu ikachomoa majina kumi na tisa. La saba lilikuwa la baba yake, Elisaria.

"Bosi, huyu ameshusha wagonjwa kumi na mmoja."

"Sikuuliza hilo."

Jioni Elisaria alimpa simu. "Nisomee ujumbe huu, mwanangu."

Akamsomea kwamba ameachishwa kazi.

"Labda hawanijui," mzee alisema.

Yuditha alishindwa kumwambia kwamba orodha aliitoa yeye.