CD ya Shemeji na Betri ya Gari

Nina aibu nyingi, lakini hii ya Ilemela nikiikumbuka njiani huwa nasimama kwanza, natikisa kichwa, ndipo naendelea na safari, na leo nawasimulia kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa nachapa barua katika ofisi moja pale Mkuyuni, Mwanza (kuchapa tu jamani, nisiwadanganye), ila nilipokwenda kujitambulisha kwa kina Nyamizi, mchumba wangu, kule Ilemela, na baba yake akaniuliza nafanya kazi gani, nikasema, "Mambo ya kompyuta, baba." Sasa kaka yake Nyamizi alikuwa anasoma India, mwaka wa sita huo hajatia mguu nyumbani, akampa rafiki yake alete laptopu kuukuu na CD moja ya picha zake ili mama yake amwone, na laptopu yenyewe ina mdomo wa disketi tu, pa kuingizia CD hapana. Mzee akasema, "Mwiteni mkwe, si ndiyo kazi yake?"

Ningekataa mapema yangeisha. Badala yake Jumamosi nikafungua kompyuta ya mezani ya ofisini bila kumuuliza mtu, nikang'oa kile kidude chake cha kusomea CD, nikakifunga kwenye taulo, huyo Ilemela.

Nikakuta sebule imejaa mashangazi na majirani. Mama mkwe tu ndiye hayumo, maana kwao walishika mila kwelikweli, mama hakai chumba kimoja na mkwe wala hamsemeshi, basi yeye yuko nyuma ya pazia, anaongea na Nyamizi na Nyamizi ananiletea maneno. Nikakifungua kidude. Nyuma kina mdomo mpana wenye vijisindano kama arobaini, na pembeni vinne vinene. Nikaigeuza laptopu, nikaigeuza tena, hakuna tundu linalofanana na vile vitu, nikapekua hata pale inapokaa betri yake, na nilichanganyikiwa hadi nikawa sijui nimekaa au nimechuchumaa.

"Mama anauliza kama ameshaonekana," Nyamizi akasema.

"Mwambie anakuja," nikajibu, na sikujua hata anakuja kutokea wapi.

Mara nikaona kidude kina tundu dogo la duara kwa mbele (la kusikilizia muziki, nilikuja kuambiwa baadaye), na laptopu nayo inalo. Nikaomba waya wa redio kaseti wenye ncha huku na huku, ukaingia pande zote, watu wakaguna kwa kuridhika, na mimi mwenyewe nikaridhika. Nikachokonoa kile kisahani cha kuwekea CD kwa kisu cha jikoni mpaka kikatoka, nikaweka CD, nikakirudisha ndani kwa kidole. Kimya. Kumbe hakina umeme, na waya wa kuchomeka ukutani hakina. Mzee akasema ipo betri ya gari wanayowashia televisheni umeme ukikatika, je, itafaa? Nikasema itafaa sana (huo uhakika niliutoa wapi mimi?), nikagusisha nyaya mbili za betri kwenye vile vijisindano vinne vinene, kwa kubahatisha.

Kidude kikalia mara moja, kikatoa moshi na harufu ya plastiki. Shangazi mmoja akafungua dirisha. Hapo mtu mwenye akili angeacha, lakini CD ilikuwa imenasa ndani, nikachukua tena kisu, nikabinua, nikasikia ka, CD ikatoka vipande viwili.

"Ameonekana?" Sasa ni sauti ya mama mwenyewe, haikupitia kwa Nyamizi. Pazia likafunguliwa, akatoka, akapita mbele ya watu wote mpaka pale nilipokuwa chini nimeinamisha macho, akachukua kipande kimoja mkononi mwangu, akakifuta kwa kanga yake na kukigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mbona najiona mwenyewe tu," akasema taratibu. "Mwanangu yuko upande gani?"

Aliniuliza mimi, uso kwa uso, na sebule nzima ikawa inanisubiri. Nikamwambia, "Sijui, mama." Tangu siku hiyo mtu akiniletea kitu chenye waya nikitazame, namjibu hivyo hivyo kabla sijakigusa.