Siku Niliyowasema Wezi wa Masufuria

Jamani, naungama. Kwenye blogu yetu wanawake wa Bagamoyo tunasimuliana mambo ya kila siku, na juzi niliwaandika watu wanaoazima vyombo vya shughuli halafu wanavikalia kimya. Niliwasema! Nikaandika hawana haya, na hata dua zao hazipokelewi. Ili maneno yakolee, nikapiga picha masufuria ya jikoni kwangu, nimeyafudikiza juani, yanang'aa.

"Umewapa vidonge vyao!" wakanisifu wasomaji. Nikavimba kichwa.

Asubuhi yake jirani yangu Bi Zuhura akapiga hodi, simu mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusoma. Umesema kweli tupu." Nikatabasamu. "Na picha nzuri," akaongeza, akaikuza kwa vidole.

Nanyi mnajua, huku kwetu chombo hakiendi shughulini bila jina la mwenyewe kupakwa rangi kitakoni. Masufuria matano, vitako juu, majina matano. Langu halikuwemo.

"Langu nitalibeba mwenyewe," akasema Bi Zuhura. "Wenzangu wanne hao, wanavua ndala barazani."