Nguzo ya Tisini na Tisa

Ofisini walimwita Bi Mchoro, kwa sababu hakumruhusu mtu ataje wastani kabla hajachora alama zote zilivyosambaa. "Wastani ni kama salamu," aliwaambia watafiti wapya. "Mtu anakujibu 'nzuri', kumbe nyumbani kunawaka moto."

Asubuhi ile kazi iliyokuwa mezani ilimhusu kuliko zote. Marehemu mumewe, mwalimu mkuu aliyejulikana, ndiye aliyebuni mpango wa watoto kusoma kila siku kabla ya somo la kwanza. Sasa shule nyingi ziliufuata, na mdogo wa marehemu ndiye aliyeusimamia. Saa nane mchana kamati ya elimu ingekaa. Matokeo yakiwa mazuri, mpango ungepelekwa shule zote, ukiitwa kwa jina la marehemu.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Shule za mpango zilizizidi shule nyingine kwa alama kumi na moja, darasa la tatu na la sita vilevile. Bi Mchoro hakushangilia. Alichora.

Kila alama ilikuwa na nguzo yake, ndefu kwa kadiri ya watoto walioipata. Nguzo zikapanda taratibu kutoka kushoto, zikafika kileleni katikati, zikashuka hadi kwisha kabisa. Halafu, mbali kule kulia, palisimama nguzo moja ndefu, peke yake, kama mgeni aliyekosea harusi. Ilikuwa nguzo ya alama tisini na tisa. Hakuna aliyepata tisini na nane, wala mia.

Akampigia simu shemeji yake.

"Shemeji, waliokosa mtihani mliwaandikaje?"

"Tisini na tisa. Si ninyi wenyewe mlisema tusiache nafasi tupu?"

"Ndiyo. Na kompyuta nani aliiambia?"

"Kwani haijui?"

Basi ndivyo ilivyokuwa: kompyuta ilihesabu namba ya utoro kama alama za mtihani. Siku ya mtihani shule za mpango zilikuwa na watoro wengi zaidi, na kila mtoto aliyebaki nyumbani aliipandisha shule yake. Kwa hesabu hiyo, shule ambayo ingefungwa kabisa ingeshika namba moja.

Aliwaondoa watoro, akarudia hesabu. Darasa la sita, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu. Darasa la tatu, shule za mpango zilibaki juu kwa alama sita, na kila alivyoipima tofauti hiyo, haikuyumba.

Alipompigia kumweleza, shemeji alifika mwenyewe kabla ya mkutano, tai imelegea, jasho linamtoka.

"Sita tu? Shem, unataka kumzika kaka yangu mara ya pili?"

"Kaa kwanza, upumue."

"Nani atajua? Kamati ile hata asilimia inawatoa jasho!"

"Kwa hiyo mmeshafanana," alisema, na shemeji akacheka bila kupenda. "Nisikilize. Mwaka kesho mtu ataifungua faili hii, atachora kama nilivyochora mimi. Atasema mjane alimpikia marehemu alama. Jina hili nalitumia mimi, wanalitumia wanangu. Silibandiki juu ya uongo."

"Na zile tano zilizopotea?"

"Hazikupotea. Hazikuwahi kuwepo. Lakini hizi sita, aje yeyote na kompyuta yake azitikise."

Saa nane alisimama mbele ya kamati, mgongo wima, akaanza na mchoro wa kwanza, ule wenye nguzo ya pekee. Alieleza kosa bila kumtaja mtu, kisha akaonyesha mchoro wa pili. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Mama, unatuambia mpango wa mumeo haufai darasa la sita?"

"Nawaambia sijaona kwamba unafaa. Darasa la tatu nimeona, na hapo nasimama."

Mwenyekiti akaurudia mchoro wa kwanza. "Na hawa wa tisini na tisa ni akina nani?"

Bi Mchoro akafungua kinywa, lakini shemeji yake alikuwa ameshainuka.

"Ni watoto wasiokuja shule, mheshimiwa. Kaka yangu alikuwa akiwafuata nyumbani, mlango kwa mlango. Mimi niliwaandikia namba tu. Nipeni darasa la tatu, na nipeni nafasi niwafuate hao."

Kamati ikakubali madarasa ya chini pekee, kwa jina la marehemu, na utoro upimwe pamoja na alama. Wakitoka, shemeji alimbebea mkoba.

"Shem, mwakani nikileta faili..."

"Utachora kwanza."

"Nitachora kwanza."